Kivuli cha Zawali Machakos

Anayetoka Mombasa kwenda Machakos kwa gari huipanda nchi bila kuhisi. Mariakani bado ipo minazi. Taru ni vichaka vya miba na udongo mwekundu. Voi milima huanza kujitokeza. Na baada ya Mtito Andei mibuyu husimama kandokando ya barabara kama wazee waliochoka kungoja basi. Makindu tuliteremka kunyosha miguu, mahali ambapo hekalu la Masingasinga huwalisha wasafiri wa kila dini bila kuwauliza watokako. Tukaupita Sultan Hamud, mji mdogo wa bara wenye jina la Sultani wa Unguja, kisha Salama, na pale Kyumvi tukaiacha barabara kuu ya Nairobi tukakata kulia. Kufikia hapo tulikuwa tumepanda zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari tuliyoiaga baada ya sala ya alfajiri, na mabuibui yetu mepesi ya pwani yalikuwa yameanza kutamani sweta.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 16 Januari 2026, siku za mwisho za Rajabu. Tulikuwa saba: wanawake watano, wawili kati yao mabinti waliomaliza kidato cha nne mwaka jana, mume wa mmoja wetu, na kijana wa kiume aliyekuja kwa kazi ya kubeba. Alichobeba ni sanduku lililofungwa kwa leso mbili, na ndani yake kifaa ambacho kwa muda wa miezi kilikuwa kimezua mjadala katika chama chetu cha akina mama.

Kifaa hicho ni kitako cha darubini. Si darubini yenyewe. Darubini tuliyo nayo ni fupi kama chupa ya chai, na kamera huchomekwa nyuma yake. Kitako ndicho kinachoishika, na ndani yake mna mota ndogo inayoizungusha darubini polepole kufuata nyota. Chama kilikinunua mwaka jana, kikiwa kimekwisha tumika, ili mabinti wetu wanaopenda elimu ya falaki wapate cha kushika mikononi badala ya kusoma tu. Waliopinga walisema pesa zile zingenunua cherehani. Hoja ya cherehani ni hoja ya haki, na hakuna aliyeibeza. Mwafaka ukawa huu: ikifika Shaabani bila picha hata moja ya maana, kitako kitauzwa, na cherehani itanunuliwa.

Mombasa picha haikupatikana. Paa zetu zimezungukwa na taa. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu unaoufanya mwanga wa mji utande juu kama pazia la maziwa. Na lenzi zisipohifadhiwa pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya, huota ukungu ndani ya msimu mmoja. Ufuoni kuna giza zaidi, lakini ni mama gani atakayewapeleka mabinti ufuoni saa nane za usiku? Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya kupiga picha za nyota havilitaji. Huandika kuhusu lenzi, betri na mwezi, wala haviulizi kama anayesoma ana mahali pa kusimama usiku kwa amani. Kwetu swali hilo lilitangulia mengine yote, na jibu lake likawa Machakos: wifi yetu ameolewa huko, nyumba yake iko kwenye mteremko wa milima ya Iveti nje kidogo ya mji, ina ua mpana na lango, na mwenye nyumba alisema tukae hadi alfajiri tukitaka.

Wanaoijua Machakos kwa jina tu hudhani ni kitongoji cha Nairobi. Ni mji mkongwe kuliko Nairobi. Jina lake limetokana na Masaku, mkuu wa Wakamba, na wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakiteremka na pembe hadi pwani kabla ya Mzungu yeyote kupanda huko. Waingereza waliufanya kituo chao cha utawala wa bara, kisha reli iliyotoka Mombasa ikaupita kando, na mwaka 1899 makao yakahamishiwa Nairobi. Kuachwa na reli huenda ndiko kulikoubakishia mji utulivu wake. Msikiti upo, soko lipo, na wifi yetu alitupokea kwa muthokoi na mchuzi wa mbuzi, nasi tukatoa mahamri yaliyokwisha pondeka njiani.

Usiku ule wa Ijumaa mawingu yalilala juu ya Iveti hayakuondoka. Tulisali Isha, tukanywa chai, tukalala. Tulikuwa tumebakiwa na usiku mmoja.

Inafaa tueleze kwanza kwa nini kitako kinahitajika. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa sababu hiyo nyota zote huonekana kusogea kuelekea magharibi, nyuzi 15 kwa kila saa. Kwa jicho mwendo huo hauonekani. Kwa kamera unaonekana mara moja, kwa kuwa kamera hulazimika kufumbua jicho lake kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga hafifu. Wapiga picha wana kanuni ya kukisia: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, upate sekunde unazoweza kuiacha wazi kabla nyota hazijageuka kuwa vijistari. Darubini yetu ni ya milimita 250, maana yake sekunde mbili tu. Ndani ya sekunde mbili huwezi kukusanya chochote. Kitako kinapozunguka kwa kasi ileile ya mbingu, sekunde mbili huwa dakika nzima au zaidi, na vitu visivyoonekana kwa macho hujitokeza.

Ila sharti lipo. Mhimili wa kitako, yaani ule mti ambao mota huuzungusha, lazima ulale sambamba na mhimili wa dunia. Ukipishana nao, nyota zitateleza, na mota itakuwa inafuata njia yake yenyewe. Watu wa Ulaya hulimaliza hili kwa dakika chache: wanayo Nyota ya Kaskazini, iko juu angani karibu kabisa na ncha ya mbingu, na vitako vingi hutengenezwa na kijidarubini cha kuilenga. Sisi hatuna. Machakos iko nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na kwa hesabu hiyo ncha ya kaskazini ya mbingu iko chini ya ardhi, na ncha ya kusini iko nyuzi moja na nusu tu juu ya upeo wa macho. Nyota iliyo jirani ya ncha hiyo ya kusini ni hafifu mno, na pale chini kuna vumbi, moshi wa jikoni na vilima. Basi kijidarubini kile cha kulengea, sehemu ambayo huenda iliongeza bei ya kitako, huku kwetu ni pambo.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili kabla ya kuwepo kioo chochote. Waliiita Nyota ya Kaskazini Jaa, na waliipima urefu wake kwa kamali, yaani kibao kidogo chenye uzi wa mafundo unaoshikwa kwa meno, wakihesabu kwa vidole. Ahmad bin Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15, aliandika vipimo vya bandari kwa njia hiyo. Jahazi likishuka kusini kutoka Arabuni, Jaa huzama usiku baada ya usiku, na kabla hujafika Lamu imekwisha potea majini. Hapo manahodha waligeukia nyota nyingine, kama zile mbili zinazoitwa Farqadani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyesafiri na majahazi ujanani na ambaye sasa macho yamemtoka kwa mtoto wa jicho, alituambia kabla hatujaondoka kwamba furaha yao ya kurudi Arabuni ilikuwa kuiona Jaa ikichomoza tena baada ya kuipita Mogadishu. Akatuagiza tumletee Suheli. Hakusema picha ya Suheli, alisema Suheli.

Jumamosi mbingu ilipambazuka safi. Kabla ya kazi ya mchana mwenyeji wetu alitaka tuione Kyamwilu, si mbali na mji, mahali pa barabara ambapo maji yakimwagwa huonekana yakipanda kilima na gari lililoachiwa bila gia hujivuta juu. Watu hufika kutoka mbali, na vijana wa pale humwaga maji kwa ustadi wa watu waliokwisha yamwaga mara elfu. Mahali pa namna hii pako pia katika nchi nyingine, na maelezo ya wataalamu ni hadaa ya macho: vilima vya pembeni vinauficha upeo wa kweli, na jicho, likikosa mstari wa kuaminika, huliita teremko mwinuko. Sisi tulipafurahia kwa sababu moja zaidi. Kitako chetu kina kijichupa cha pimamaji chenye kiputo, na mabinti walikuwa wameuliza kwa nini wahangaike nacho ilhali uani panaonekana sawa kabisa. Baada ya Kyamwilu hakuna aliyeuliza tena.

Sasa kivuli. Ili kuupata mstari wa kaskazini na kusini, wengi hutumia dira ya sumaku. Dira si mbaya, lakini huvutwa na chuma, na uani palikuwa na gari, tangi na lango la mabati. Tulitumia njia ambayo wanafalaki wa Kiislamu waliiita duara la Kihindi, nayo haihitaji kifaa chochote cha kununua. Tulisimamisha fimbo ya mita moja, tukaihakikisha kwa timazi ya fundi mwashi, tukachora duara kuizunguka kwa uzi wa sentimita 70. Asubuhi kivuli ni kirefu, hutoka nje ya duara. Kadiri jua linavyopanda hufupika, na karibu na saa nne na dakika 40 ncha yake iliingia ndani. Mabinti wakatia kigingi pale ilipokatiza mstari. Karibu na saa nane na dakika 40 ncha ikatoka upande wa pili, wakatia kigingi cha pili. Katikati ya vigingi viwili, ukivuta uzi hadi kwenye fimbo, ndiyo kaskazini ya kweli.

Kati ya nyakati hizo ilipita zawali. Kwa saa za ukutani Machakos siku ile ilikuwa kama saa sita na dakika 41. Jua lilisimama upande wa kusini wa utosi, na kivuli cha fimbo kilibaki kama sentimita 35, kifupi kuliko wakati wowote wa siku hiyo, kikielekea kaskazini. Kisha kikaanza kurefuka, na Adhuhuri ikaingia. Wengi wetu tumeishi na ratiba ya sala iliyochapwa ukutani tangu utotoni. Kuiona saa ile ikijiandika ardhini kwa ncha ya kivuli kulitunyamazisha wote, hata kijana wa mizigo.

Mstari ulipokwisha vutwa, tulipima kibla juu yake. Kutoka Machakos Makka iko kama nyuzi sita mashariki ya kaskazini ya kweli. Mkeka wa wifi yetu ulikuwa umeelekea hapo, tofauti ndogo tu ya zulia lililokunjamana. Lakini Mombasa ni jambo la kustaajabisha. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, hivi kwamba kibla yetu na kaskazini ya kweli hazipishani hata nusu ya nyuzi. Wazee wa pwani waliotumia neno kibla kwa maana ya kaskazini hawakuwa wakizungumza kwa ulegevu. Maana yake kwa mwenye kitako ni kwamba nyumba yoyote ya Mombasa ambayo kibla yake imepimwa vizuri imekwisha pata nusu ya kazi: laza mhimili sambamba na mstari wa kibla, uinue ncha yake ya kusini nyuzi nne, umekaribia.

Kabla ya Magharibi tulisimamisha stendi ya miguu mitatu juu ya mstari wetu, mguu mmoja ukielekea kusini. Pimamaji kwanza. Kisha mhimili ukashushwa hadi nyuzi moja na nusu, karibu ulale kama boriti. Hapa ndipo mtu huona kwamba waliobuni vyombo hivi hawakuwa na Machakos mawazoni. Vitako vingi vizito haviteremki kufikia pembe hiyo hata kidogo. Chetu, kwa kuwa ni cha safari, kinateremka, lakini mhimili ukiwa umelala, fimbo inayobeba jiwe la mzani hugonga miguu ya stendi inapozunguka. Dawa yake ni kipande cha bomba kinachoinua kitako juu zaidi ya miguu. Fundi wa Mombasa alituchongea kimoja, na ndicho tunachokithamini kuliko vyote vilivyomo sandukuni. Baada ya hapo ni kusawazisha: darubini upande huu, jiwe la mzani upande ule, ulisogeze hadi mkono uachiwe popote usishuke. Mabinti waliifananisha na mizani ya duka la nafaka, wakaifanya kwa haraka kutushinda.

Wakati huo jirani alipiga hodi. Mzee wa makamo, kofia mkononi, macho kwenye stendi. Alituamkia kwa adabu, kisha akamuuliza mwenyeji wetu taratibu, “Bwana, mnampimia nani shamba?” Tulielewa mara moja. Stendi ya miguu mitatu na kioo juu yake, katika nchi yenye kesi nyingi za mipaka, huwa na maana moja tu, na maana hiyo si njema. Mmoja wa mabinti akamjibu, “Shikamoo mzee. Si shamba, ni nyota. Karibu uje uone baadaye.” Akaitikia marahaba, akaenda, akarudi baada ya Isha na kiti chake mwenyewe, na kabla ya kuja alikuwa amezima taa kubwa ya ulinzi ya nyumbani kwake bila kuombwa.

Giza la Machakos si kamili. Upande wa kaskazini-magharibi kuna weupe wa taa za Nairobi, kama kilomita 60 na kitu, na mji wenyewe una taa zake. Lakini juu ya utosi mbingu ilikuwa nyeusi kiasi ambacho watoto wa Mombasa hawajapata kuiona. Mwezi haukuwepo. Kalenda yetu ya Hijria ina faida hii ambayo hatuitumii: asiyejua lolote la falaki anajua kwamba tarehe 27 hadi mwandamo ni usiku wa giza. Mshtarii ilikuwa imewaka mashariki, kali kuliko kila nyota. Kilimia ilikuwa juu upande wa kaskazini. Waarabu huiita Thuraya, na kati yetu alikuwepo Thuraya mmoja ambaye hakuwahi kuonyeshwa mwenzake. Nyuma yake ilifuata nyota nyekundu Dabarani, ambayo jina lake lina maana ya mfuasi.

Saa tatu na dakika 45 tulianza kazi ambayo safari nzima ilikuwa kwa ajili yake. Mstari wa kivuli humfikisha mtu karibu, haumfikishi pale penyewe. Kulipobaki tulipatafuta kwa kuiuliza mbingu yenyewe. Katika mkanda wa Jabari, kundi ambalo Wazungu huliita Orion, kuna nyota tatu zilizopangana, na ile inayotangulia kuchomoza ni Mintaka, jina la Kiarabu lenye maana ya mkanda. Mintaka imekaa karibu kabisa juu ya ikweta ya mbingu, na kwa Machakos hupita karibu na utosi. Tuliielekezea darubini ilipokaribia kupita, tukaiacha mota ifuate, tukabandika ukanda mwembamba wa plasta juu ya kioo cha kamera na kuiwekea nukta pale nyota ilipokuwa. Halafu dakika tano za kungoja. Ikiwa nyota inateleza kuelekea kusini, ncha ya kaskazini ya mhimili imeegemea mashariki mno. Ikiteleza kuelekea kaskazini, imeegemea magharibi. Yetu iliteleza kusini, kidogo. Skrubu ya pembeni ikageuzwa robo. Dakika tano nyingine. Ikateleza tena, kidogo zaidi ya hapo. Tuliirudia mara nne, na mara ya nne nyota ilikaa juu ya nukta yake.

Mwinuko una nyota yake. Huchaguliwa moja ya upande wa mashariki, nasi tulichukua Alfardi, ambayo jina lake lina maana ya aliye pweke, na kweli imekaa peke yake katika uwanja mtupu wa mbingu. Nyota ya mashariki ikihama kaskazini, ncha ya kaskazini ya mhimili imeinuka mno. Ikihama kusini, imeshuka mno. Mara mbili zilitosha. Binti aliyekuwa akigeuza skrubu hakuwa akiongea tena, na sisi wengine tulijikuta tunazungumza kwa minong’ono kama walio kwenye chumba cha mgonjwa. Saa tano kasorobo alifumbua kamera kwa dakika nzima juu ya Kilimia, akasubiri, akaikuza picha, akatuita. Nyota zilikuwa nukta.

Mzee jirani aliangalia pia. Akauliza ziko umbali gani. Nuru ya Kilimia husafiri takriban miaka 440 kufika kwetu. Kwa maneno mengine iliondoka huko kabla jiwe la kwanza la Fort Jesus halijawekwa, mwaka 1593. Mzee aliitafakari hesabu hiyo kwa muda, kisha akasema kwamba basi kesi yake ya mpaka inaweza kungoja.

Picha moja haitoshi. Picha nzuri ya nyota ni picha nyingi za mahali pamoja zilizorundikwa kwa programu ya kompyuta, ambapo chembechembe za makosa ya kamera hufutana na mwanga wa kweli hubaki. Tulichukua 60 za dakika moja moja kwa Kilimia, na nyingine kama hizo kwa lile wingu la gesi lililo chini ya mkanda wa Jabari, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, mahali ambapo nyota changa zinazaliwa hadi leo. Kwa Suheli hatukuhitaji nyingi. Ilikuwa imesimama kusini, chini ya nusu ya mbingu, nyeupe, ya pili kwa mng’aro katika nyota zote za usiku.

Baridi ilikuwa ya kweli. Umande hushuka baada ya saa sita, na lenzi ikipata umande kazi imekwisha. Tuliivalisha darubini soksi ya sufi yenye vipakiti vya joto ndani. Tochi zilizungushiwa plastiki nyekundu ili macho yasipoteze giza lake. Chai ya tangawizi ilipita mara tatu. Mmoja wetu aliyekuwa upande wa cherehani alilala kwenye kiti, akaamka saa tisa, akaomba kugeuza skrubu.

Tulipokuwa tukichukua picha za mwisho, kama saa kumi na dakika 45, mashariki ilitokea nuru ambayo hatukuitarajia kuwa wazi vile: mnara mwembamba wa weupe hafifu, umeinuka kutoka upeo kwenda juu, kama mkia. Ni vumbi lililotawanyika katika njia za sayari likimulikwa na jua, na katika nchi za ikweta husimama wima zaidi. Katika fikihi tumefundishwa tangu chuoni kutofautisha alfajiri ya uongo, inayosimama wima, na alfajiri ya kweli, inayotandaa kwa upana. Walimu wetu walituchorea ubaoni. Hakuna hata mmoja wetu, wala aliye na miaka 60, aliyekuwa ameiona ile ya kwanza, kwa kuwa taa za mji huimeza. Binti aliondoa darubini, akaweka lenzi pana, akaipiga picha. Baada ya nusu saa hivi weupe mwingine ukaanza kutandaa chini, kulia na kushoto, na tukaacha vyombo pale vilipo tukaenda kutia udhu.

Kwa wasomaji ambao hawatapanda kwenda Machakos: tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, ambazo ni sawa na za Makka, jua litakuwa juu ya Al-Kaaba yenyewe. Mwaka huu siku hiyo inakaribia Idi ya kuchinja. Simamisheni fimbo iliyonyooka popote pwani. Anayetazama kutoka ncha ya kivuli kuelekea kwenye fimbo ameelekea kibla. Na kwa mabinti wanaotaka kuendelea, wajue kwamba nchini mwetu yupo Susan Murabana, ambaye tangu mwaka 2014, pamoja na mwenzake, huzunguka shuleni na darubini ya safari; na kwamba satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru.

Mzee wa mtaani alipelekewa Suheli ikiwa imechapwa kwa ukubwa wa sinia, nyota ikiwa na upana wa sarafu, ili jicho lake lililobaki lipate pa kushika. Aliisogeza usoni, akaigeuza, akaturudishia na kutwambia tumeishika kichwa chini. Kisha akaichukua tena. Kikao cha chama kilifanyika wiki ya pili ya Shaabani. Kitako kimebaki. Cherehani imewekwa kwenye ajenda ya kwanza baada ya Idi, na aliyeipendekeza ni binti wa skrubu.